Gunia la Kwanza Libaki Luena

Maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu, Septemba 2023, kabla ya kupanda. Tunayachapa hapa karibu vile yalisemwa, kwa wanachama ambao hawakufika na kwa wafadhili wetu walio mbali.

Tunawashukuru hasa wale waliotoka vijijini kwa kinga na kwa miguu, wakaacha kazi ya kusafisha mashamba ili wafike hapa.

Leo hatutakaa sana na hesabu. Kesiye atazisoma kisha, mstari kwa mstari, kama kawaida yetu. Tuko na jambo moja la kuamua kabla mvua haijaanza. Wafadhili wetu wameandika. Wako tayari kutusaidia kwa mbegu na kwa feza ya kulima, lakini wanaomba mashamba yote ya chama yawe ya soya, juu kuna mnunuzi wa nje anayelipa kwa dolari. Wiki ileile barua ilipofika, bamama wa chama walikuja kwa komite na ombi lao: wanataka ghala la mahindi hapa Luena. Feza haitoshi kufanya yote mawili vile kila mmoja anavyotaka. Vijana wengi wanasema soya. Bamama wanasema mahindi. Na tumesikia maneno makali katika siku hizi, hata kati ya mtu na mdogo wake.

Kwanza tukumbushane vile tulikuja kuwa chama.

Machi 2020 wengi wetu hatukuwa hapa. Wengine walikuwa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Wengine walikuwa Ndola na Kitwe, na wachache wetu walikuwa Johannesburg. Tarehe 23 mwezi ule Lubumbashi ilifungwa siku mbili, barabara tupu, soko tupu. Kesho yake Prezida wa Jamhuri akatangaza hali ya dharura, mipaka ikafungwa, isipokuwa kwa mizigo. Mnajua maana yake kwa mtu anayekula kila siku kile alichokipata siku ile. Bamama waliokuwa wakivuka Kasumbalesa na biashara ndogo walibakia na mali mkononi, bila njia. Kibarua kikaisha. Nyumba ya kupanga ikadai. Njo vile tulirudi, mmoja mmoja, juu ya malori, ndani ya mabehewa, na watoto na masufuria.

Na hapa Luena hawakutupokea kwa ngoma. Walituita "ba Korona". Tuliambiwa tukae pembeni, tusichote maji pamoja na wengine. Hatuwalaumu, waliogopa, hata sisi tuliogopa. Lakini baada ya siku chache jirani alileta mihogo. Mwingine akaleta samaki wa Bukama. Na wahenga walisema kweli: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakatupatia kipande cha shamba, tukalima.

Tusisahau pia upande wa pili. Ile mihogo ilitushibisha, lakini haikununua dawa ya malaria, wala daftari za watoto shule zilipofunguliwa. Hiyo feza ilikuja katika simu, kutoka kwa ndugu waliobakia Afrika Kusini na Zambia, na kisha kutoka kwa nyinyi wafadhili. Basi tuliokolewa na mikono miwili: mmoja wa karibu, mmoja wa mbali. Mtu anayesema leo kwamba mkono mmoja unatosha, amesahau 2020.

Sasa tuangalie nchi yetu, maana tunachoamua hapa si tofauti na kile Leta imelazimika kuamua kule Kinshasa.

Mwaka 2020 uchumi wa Congo haukuanguka. Ulikua kwa asilimia 1.7 hivi, wakati nchi nyingi kubwa za dunia zilirudi nyuma. Mwaka 2021 ulikua kwa zaidi ya asilimia 6. Mtu akisoma hesabu hizo atasema tumepona. Lakini kilichokua ni shaba na kobalti. Malori ya madini hayakusimama hata mipaka ilipofungwa. Mizigo ilikuwa na ruhusa, mama wa soko hakuwa nayo. Katika mwaka uleule wa 2020 dolari moja ilitoka kama faranga 1,700 ikafika karibu 2,000. Sasa imepita mbali zaidi. Kila mtu anayenunua mafuta, chumvi na sabuni anajua maana ya namba hizo bila kuzisoma. Hesabu ya nchi ilipanda, sufuria ya Luena haikupanda nayo.

Leta ilitafuta feza nje. Aprili 2020 FMI iliipatia mkopo wa haraka wa dolari milioni 363. Agosti 2021 FMI iligawia nchi zote wanachama akiba ya jumla ya dolari bilioni 650, kila nchi kwa kadiri ya sehemu yake ndani ya shirika. Congo, yenye watu zaidi ya milioni 90, ilipata kama bilioni 1.45. Ubelgiji, yenye watu kama milioni 11, ilipata zaidi ya bilioni 8. Hatusemi hivyo ili tuanze kulia. Tunasema ili mjue kwamba mgawanyo wa dunia haufuati njaa. Unafuata sehemu ya kila mmoja katika sanduku. Hata katika likelemba yetu ni vile, lakini sisi tunafahamiana, na mtu akifiwa tunampisha mbele ya zamu yake.

Ile feza ya 2021 ilifanyiwa nini? Hapa njo kuna somo. Karibu nusu ilibakia akiba ya Banki Kuu, ili nchi iweze kulipa vitu vya nje na faranga isianguke kwa ghafla. Nusu nyingine ilikuwa ya matumizi ya ndani, na humo ulianzishwa mpango wa maendeleo wa teritwari 145, ambao gharama yake yote ilihesabiwa kuwa karibu dolari bilioni 1.66: shule, vituo vya afya, majengo ya utawala, barabara za vijijini. Bukama, teritwari yetu, ni mojawapo ya zile 145. Kama kazi inaenda mbio au inachechemea, kila mmoja ana macho. Tunachotaka mshike ni ule mgawanyo wenyewe. Hawakuweka yote kwa uso wa nje, hawakuweka yote kwa ndani. Walikata katikati. Mtu anaweza kubisha kwamba kisu kilikata vibaya, lakini hakuna anayeweza kusema haikuwa lazima kukata.

Kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi na nyumba zetu. Reli inatoka Lubumbashi, inapita Likasi, inafika Tenke. Pale Tenke inagawanyika. Moja inaenda magharibi, Kolwezi, Dilolo, mpaka bandari ya Lobito kule Angola. Nyingine inapanda kaskazini: Lubudi, Luena hapa, Bukama, Kamina, mpaka Ilebo. Mwezi huu, kwenye mkutano wa mataifa makubwa kule India, Marekani na Ulaya walisema watasaidia njia ya Lobito. Upande wa Angola tayari imekabidhiwa kampuni za nje tangu Julai. Ni habari njema kwa nchi. Shaba itapita haraka. Lakini ile njia yetu ya kaskazini, ambayo inabeba mahindi, mihogo, samaki na watu, hatujasikia mkutano mkubwa ukiitaja. Reli ilifika Bukama 1918. Treni ikichelewa wiki mbili, mahindi yanaoza gare, na hakuna mtu wa London anayeona bei imebadilika.

Wazee wa hapa wanajua jambo hili kuliko komite. Luena iliota juu ya makaa ya mawe. Makaa yalichimbwa kwa sababu viwanda vya mbali viliyataka: shaba ya kusini, simenti ya Lubudi. Wakati mnunuzi alikuwa na nguvu, kulikuwa na mshahara, hospitali, hata mpira wa Jumapili. Kisha Gécamines ikaanza kuanguka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka 1990, na miaka iliyofuata ilimaliza kilichobakia. Makaa yangali chini ya miguu yetu leo. Hayajaisha. Kilichoisha ni yule mnunuzi. Na kwa sababu mji mzima ulikuwa umezoea kununua chakula kwa mshahara, mshahara ulipokatika hata chakula kilikatika.

Tukisikia leo kwamba mashamba yote yawe ya soya kwa mnunuzi mmoja wa nje, sikio la mzee wa Luena linasikia makaa.

Bandugu, tuseme pia juu ya bunga. Katanga yetu, tangu zamani, inakula bukari ya mahindi ya Zambia. Mwaka huu Zambia imebana mahindi na bunga vyake visitoke ovyo, juu batu bake nao wanalia bei. Kuna waliokasirika hapa. Sisi hatuoni sababu ya kukasirika. Zambia imefanya kile kila baba wa nyumba anafanya: kwanza watoto wale, kisha jirani auziwe. Swali ni kwa nini sisi, wenye udongo huu na mvua hii, tunangojea lori la Zambia. Hapa hapa katika jimbo letu la Haut-Lomami, kule Kaniama-Kasese, Service National inalima mahindi na kuyapeleka kwa treni mpaka miji mikubwa. Basi udongo si shida.

Shida yetu ni Mei na Januari. Mei tunavuna, watoto wanadaiwa karo, lori linakuja, tunauzisha yote kwa bei ya mwenye lori. Januari ghala la nyumba ni tupu, na ile meka tuliyoiuzisha tunainunua tena mara mbili ya bei, wakati mwingine zaidi. Mama mmoja wa chama alituambia hivi: "Mimi nalima mahindi ya Lubumbashi, njo nanunua mahindi ya Lubumbashi. Miye mwenyewe sina yangu." Hatujasikia mtu akieleza uchumi wa Luena kwa maneno mazuri kuliko hayo.

Sasa tukubali kosa letu, maana wafadhili watasoma karatasi hii na hatutaki kuwaonyesha uso uliopakwa mafuta.

Mwaka 2021 tulipata msaada wa ndoo, sabuni na barakoa. Ulikuja kwa moyo mzuri. Lakini ulifika wakati wa kupanda, na tulichokosa kilikuwa mbegu. Hatukusema. Tuliogopa kwamba tukisema, hata ndoo hazitakuja. Tulipokea, tukapiga picha, tukaandika barua ya shukrani. Zile ndoo zingali zinafanya kazi: leo zinahifadhi bunga, katika nyumba ambazo bunga lipo. Mwaka ule familia kadhaa zilipanda nusu ya shamba lao. Yule aliyeleta msaada hakukosea sana, maana hakuna aliyemwambia. Sisi njo tulinyamaza. Mtu anayepokea bila kusema anachohitaji anamfunga mtoaji macho, kisha analalamika kwamba haoni.

Kwa hiyo safari hii tunasema mapema.

Vijana wetu, tumewasikia. Mnasema mahindi hayalipi karo, hayanunui simu, hayajengi. Ni kweli. Mtu aliyewahi kushika dolari za Kolwezi hawezi kufurahi na gunia tu. Na chama hiki hakikuundwa ili turudi kwenye umasikini wa zamani kwa wimbo mpya. Soya inakubali hapa, inafaa hata udongo wetu, na inaweza kuingia katika uji wa watoto. Feza ya nje tunaihitaji: Luena haitengenezi dawa, wala mabati, wala vyuma vya kinga. Kufunga mlango tumekuona kwenye 2020, hatukupenda.

Bamama, tumewasikia pia. Mnasema mwenye njaa hawezi kujadili bei. Hilo njo msingi wa yote. Mtu ambaye watoto wake wamekula anaweza kumwambia mwenye lori "hapana, rudi wiki ijayo." Anaweza hata kumwambia mnunuzi wa soya vile. Ghala si adui wa soya. Ghala njo linampa mwenye soya mgongo.

Komite inapendekeza hivi.

Kila nyumba ya mwanachama ipande kwanza mahindi ya kula mpaka mavuno mengine, na juu yake gunia moja la chama. Hilo njo tunaita gunia la kwanza. Halitauzishwa nje ya Luena. Litaingia ghala wakati wa mavuno, na litatoka miezi ya njaa tu, Januari mpaka Machi, kwa mwanachama anayehitaji. Atakayechukua gunia atarudisha gunia wakati wa mavuno, na meka moja juu yake, kwa ajili ya vidudu, panya na mlinzi. Mjane au mgonjwa atasaidiwa kutoka katika zile meka, na majina hayatasomwa mbele ya watu.

Shamba linalobakia, kila mtu ni huru. Anayetaka soya apande soya, auzishe pamoja na wenzake, kwa mzani mmoja, si kila mtu peke yake mbele ya lori. Na kama mnunuzi wa nje hatatokea, hakuna atakayelala njaa kwa sababu yake.

Feza ya wafadhili tunaomba igawanywe. Sehemu iende kwa mbegu za soya kama walivyotaka. Sehemu iende kwa vitu vya ghala ambavyo hatuwezi kuvitengeneza: mabati, mzani, magunia yasiyopitisha hewa. Matofali tutachoma wenyewe, na tuyachome sasa, kabla ya mvua. Mbao tutakata. Kazi ya mikono ni yetu, hatutaomba mshahara juu yake. Na feza ya likelemba isiguswe na mradi wowote, wa ndani wala wa nje. Likelemba ni ya wanachama, ilianza kabla ya msaada na itabakia baada ya msaada.

Kufuli la ghala liwe na funguo tatu, mikononi mwa watu watatu wa mitaa mitatu, na mmoja asiwe wa komite. Tunajua maghala yaliyoliwa na komite zao. Hatusemi ni ya wapi. Tunasema tu kwamba panya mkubwa ana miguu miwili.

Kwa wafadhili wetu: mmekuwa mkono wa mbali kwa miaka mitatu, na hatusahau. Tunajua hata kwenu bei zimepanda tangu ugonjwa na vita vya Ukraine, na kuna mtu anayewauliza kwa nini feza inakuja Luena wakati kwenu kuna watu wanaohangaika. Ni swali la haki. Zambia inajiuliza, Kinshasa inajiuliza, nasi tunajiuliza leo. Jibu letu ni kwamba mtu anayesaidiwa aweze kusimama mwaka ambao msaada hautakuja. Soya peke yake haitupatii hilo. Ghala pamoja na soya linaweza. Kama mtakubali mgawanyo huu, tutafurahi sana. Kama hamtaweza, tuandikieni wazi, na tutaanza na nyasi juu ya paa badala ya mabati. Hatutakasirika. Lakini tafadhali msitume ndoo.

(Hapa watu walicheka, na mtu mmoja nyuma akasema, "Ndoo zikuje, lakini zikuje na mahindi ndani.")

Bapapa na bamama, komite imemaliza. Sasa ni zamu yenu kusema, na kisha kuinua mikono.

Baada ya maneno haya mkutano uliongea mpaka jioni. Vijana waliomba jambo moja liongezwe: kwamba wawili wao wawe katika kundi litakaloongea bei na mnunuzi wa soya. Lilikubaliwa. Pendekezo lilipita kwa mikono mingi, si yote; waliokataa walisema sababu zao na zimeandikwa katika buku la chama. Barua kwa wafadhili imekwenda. Jibu likifika tutalichapa hapa, liwe tamu au chungu. Wakati tunangojea, kuchoma matofali kunaanza Jumamosi. Kila nyumba ilete mtu mmoja, na maji yake ya kunywa.